Mikono Iliyobaki Juu

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, pini zimejaa katikati ya midomo, anapandisha pindo la sketi ambalo mteja mwenyewe alishabadili mawazo juu yake mara mbili, wakati Chiriku alipochungulia mlangoni na kusema kuna mtu wa Ustawi wa Jamii anamwita. Fundi hakuinua kichwa. Alimaliza kuzungusha pindo, akamwonya mteja asitikisike, akatema pini kwenye kiganja na kutoka nje huku anajipangusa magoti.

Mtu wa Ustawi alikuwa afisa kijana, mpole, aliyevaa shati lililofumuka kwapani. Fundi aliliona shati kabla ya kumwona mwenye shati. Ndivyo mafundi walivyo.

"Mama, nimekuja kuhusu hati yako ya malezi," alisema. "Hati ipo. Ila haifunguki."

"Imefungwa na nani?"

"Haijafungwa na mtu. Mashine zetu zimewekewa toleo jipya la programu. Likifungua hati za zamani linaonyesha vijisanduku tu. Ukurasa wa kwanza vijisanduku, wa pili vijisanduku, halafu muhuri."

"Muhuri unaonekana?"

"Nusu."

Hati yenyewe haikuwa ndefu. Ilisema kwamba kaka yake Fundi na mkewe walifariki katika ajali moja, na kwamba mtoto wao wa pekee atalelewa na shangazi yake. Mtoto huyo ndiye Chiriku, aliyepewa jina hilo mtaani kwa sababu alianza kuongea kabla ya kuota meno na hakuona sababu ya kuacha. Hati iliandikwa kwenye mashine ya Ustawi kwa programu ya kampuni kubwa ya kompyuta, iliyoitwa Kampuni tu, kwa kuwa ofisi zote za serikali zilitumia programu ya Kampuni, na kila mwaka ilibidi ifunguliwe itiwe tarehe mpya. Fundi alikuwa na nakala yake chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni, lakini sheria ilisema nakala isiyo na asili yake ni karatasi kama karatasi nyingine.

"Na mtoto asiye na hati yuko chini ya nani?" aliuliza.

"Kisheria, yuko chini ya ofisi."

"Ofisi inajua kwamba maharage ya jioni yanamuuma tumbo?"

Afisa alisema anaweza kuvuta muda hadi mwisho wa muhula wa shule. Baada ya hapo gari litakuja kumchukua mtoto na kumpeleka kwenye makao ya watoto, na haitakuwa kwa kupenda kwake. Fundi alimwambia avue shati. Alilipiga mshono palepale, akakata uzi kwa meno, akamrudishia. Afisa alishukuru, akauliza ni kiasi gani, akaambiwa aende zake.

Aliyemweleza Fundi mambo kwa kina alikuwa Mwalimu Miwani, aliyefundisha kompyuta katika shule ya sekondari na kuleta suruali zake kupunguzwa kiuno kila zilipomzidi, maana alikuwa mtu wa kupungua. Mwalimu alisema suala la Chiriku ni tawi tu, shina liko kwingine. Kampuni ilikuwa imeomba muundo wake wa hati, yaani ile namna inavyoyapanga na kuyafunga maneno ndani ya faili, uwe kiwango cha kimataifa. Kila nchi ilikuwa na kura moja. Kura ya nchi ingeamuliwa na Ofisi ya Viwango, katika kikao ambacho wananchi nao waliruhusiwa kushiriki.

"Kiwango si kitu kizuri?" Fundi aliuliza. "Hata futi yangu ina kiwango."

"Futi yako inasomwa na kila mtu, dada. Huu muundo unasomwa vizuri na mwenyewe tu."

Pendekezo la Kampuni lilikuwa na kurasa elfu sita na zaidi. Lilifikishwa Ofisi ya Viwango kwa mkokoteni, likapandishwa ghorofa ya pili, na baada ya siku chache likashuka lenyewe hadi ghorofa ya chini kupitia sakafu. Waliokuwa chini walisogeza meza zao pembeni wakaendelea na kazi. Mwalimu alikuwa mmoja wa watu wachache waliojaribu kulisoma. Alisema kuna mahali limeandikwa: hapa fanya kama lilivyofanya toleo letu la zamani. Toleo la zamani lilifanyaje, haikuandikwa popote.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Sasa huo ni mchoro gani? Ni kama nikupe karatasi nimekuandikia: kata kola kama ninavyokata mimi. Utakata nini?"

"Ndiyo maana tunapinga."

"Na hati ya Chiriku imeandikwa kwa toleo hilo la zamani?"

"Hilohilo. Wapo vijana wanaoweza kutengeneza programu ya kuifungua, tena bure, wakijua ilifungwaje. Kampuni ikikataliwa itabidi irudi na kuandika kila kitu, hata hayo ya zamani, ndipo iombe upya. Ikikubaliwa, imekwisha. Hakuna atakayeiuliza tena."

Fundi aliigeuza suruali ya Mwalimu, akaikagua mshono wa nyuma kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Kisha akauliza kikao ni lini.

Ukumbi wa Ofisi ya Viwango ulikuwa na viti vya kuwatosha wajumbe, na wajumbe juma hilo walikuwa wameongezeka. Mbele walikaa mawakala wa Kampuni walioandikishwa kuwa wajumbe siku chache kabla, binamu za mawakala, na muuza vioo mmoja aliyemnong'oneza jirani yake kwamba yeye ameambiwa kuna chai. Nyuma walisimama wananchi. Walikuwa walimu, wakutubi, makarani wa masjala wastaafu, vijana wa kompyuta wenye mabegi mgongoni, na watu wengine wengi kama Fundi, ambao kila mmoja alikuwa na karatasi yake mahali fulani iliyogeuka vijisanduku. Mama mmoja alikuwa na cheti cha kiwanja. Mzee mmoja, karani mstaafu, alikuwa na miaka thelathini ya kumbukumbu alizoziandika kwa vidole vyake mwenyewe na ambazo sasa hakuna aliyeweza kuzisoma, naye akiwemo.

Ofisi ya Viwango hupiga kura kwa mikono. Zamani, katika kura ya urefu wa tofali, watu fulani walinyoosha mikono, wakaishusha, wakahamia upande wa pili wa ukumbi na kuinyoosha tena, na nchi ikabaki na tofali za urefu wa aina mbili. Tangu hapo ikawekwa kanuni kwamba mkono ulionyooshwa kikaoni haushuki mpaka karani auguse kwa kalamu na kuuhesabu. Kanuni ilitundikwa ukutani, ndani ya fremu yenye kioo. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa ameisoma, lakini bado ilikuwa inafanya kazi.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa adabu. Alisema ataanza na wanaopinga, kwa kuwa wengi wao wametoka mbali na wamesimama. Wanaopinga wakanyoosha mikono. Nyuma ya ukumbi kote ilikuwa mikono tu, mia tatu na ushee, na wale wa viti vya mbele waligeuka kutazama, wakageuka tena mbele. Mwenyekiti naye aliitazama. Kisha akatazama saa, akasema kwa masikitiko kwamba ukumbi umekodishwa kwa semina ya mchana, kwa hiyo kikao kinaahirishwa, na kura itaendelea pale ilipoishia katika kikao kijacho. Makarani walifunika kalamu zao.

Watu walitoka nje wakiwa bado wamenyoosha. Barabarani walijaribu kushusha mikono, haikushuka. Fundi aliuvuta wa kulia kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuuning'inizia mkoba, mkoba ukapanda nao. Mwalimu Miwani alisema ni ile kanuni. Wengine wakasema kumbe, wakaagana na kwenda nyumbani.

Mji uliwazoea upesi. Mikono hiyo iliwafanya watambuane hata kwa mbali, sokoni na kwenye foleni za benki. Mwalimu alipata tabu kidogo darasani, maana wanafunzi walikuwa wanamuuliza ana swali gani. Mwanamume mmoja alikatiza kwenye uwanja wa mnada akielekea kazini, na alipofika upande wa pili alikuwa amenunua jokofu bovu na seti ya sofa. Daktari wa zahanati aliwapa dawa ya kuchua mabega na kuwaambia wasipoteze nauli kwenda hospitali kubwa, kwa sababu hii ni kanuni, si ugonjwa.

Kwa Fundi kazi iliongezeka na uwezo ukapungua. Kila aliyepinga alihitaji nguo yenye mkono wa kulia ulioshonwa kuelekea juu, na si kila fundi aliweza kukata kwapa la namna hiyo. Fundi aliweza, ila kwa mkono mmoja. Alikanyaga cherehani, akaongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto, na Chiriku akishatoka shule alikaa upande wa pili kukivuta kisipinde, huku akisimulia nani kagombana na nani darasani. Usiku Fundi alilala na mkono ukiwa umening'inizwa kwenye kitanzi cha kitambaa alichofunga darini. Bega lilimuuma hadi machozi. Alimwambia Chiriku ni vumbi, na Chiriku, ambaye hakuwa mjinga, alikubali kuwa ni vumbi.

Yule karani mstaafu alifariki kabla ya kikao cha pili kuitishwa. Mkono wake haukushuka hata baada ya hapo. Wachimba kaburi walisema shimo la kumtosha mtu wa namna ile lina bei yake, na familia haikuwa nayo, basi akazikwa kwa kina cha kawaida na mkono ukabaki juu ya udongo kuanzia kwenye kifundo. Watoto wake waliandikia Ofisi ya Viwango kuomba karani aende makaburini auhesabu, ili mzee apumzike. Ofisi ilijibu kwa heshima kubwa kwamba kuhesabu hufanyika ukumbini, na kwamba haina fungu la mafuta ya gari. Mjane wake akauvisha soksi kwa ajili ya jua.

Afisa wa Ustawi alipita tena katikati ya muhula. Alimkuta Fundi anakata kitambaa mezani, amekibana kwa kiwiko na pasi ya mkaa, mkono wa kulia uko hewani.

"Mama, nakuambia kama mwanao," alisema. "Huo mkono nao ushuke. Wakubwa wangu wakiona hati haisomeki na mlezi ana mkono mmoja, watakuwa na sababu mbili. Kwa moja naweza kukutetea. Kwa mbili siwezi."

"Utashuka ukihesabiwa."

"Basi uhesabiwe, mama."

Tangazo la kikao cha pili lilitoka siku chache kabla ya shule kufungwa. Mwalimu Miwani alizunguka nyumba kwa nyumba akihimiza watu. Asiyekuwepo na lake halipo, aliwaambia, wala hakuhitaji kuwaambia, kwa maana wote walikuwa wamechoka kulala na vitanzi. Na wote walikuwa na furaha. Walisema safari hii hawana haja hata ya kunyoosha, kura yao iko hewani tangu kikao kile, imekaa tu inangoja kuchumwa. Walienda wakiwa wamevaa nguo alizowashonea Fundi, na alipowatazama barabarani mbele yake, mikono ile yote imesimama ndani ya mishono iliyokaa sawasawa, alijisikia fahari. Hilo alilikumbuka baadaye kwa aibu.

Safari hii kulikuwa na viti vya wote. Mwenyekiti aliwakaribisha waketi, akawapa pole kwa usumbufu, akafungua faili.

"Tunaendelea pale tulipoishia," alisema. "Kikao kilichopita niliita wanaopinga. Leo naita wanaokubali. Wanaokubali, mikono juu."

Watu wa viti vya mbele walinyoosha mikono. Makarani walifunua kalamu zao, wakapita katikati ya viti hadi nyuma kabisa ya ukumbi, wakaanzia huko.

Mwalimu Miwani alisimama. "Mwenyekiti, sisi ni wa kupinga. Mikono hii ni ya kikao kilichopita."

"Wanaopinga walishaitwa, Mwalimu. Sehemu hiyo imefungwa. Hivi sasa mimi naona mikono juu." Mwenyekiti alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa. "Mimi simlazimishi mtu. Asiyekubali na ashushe mkono wake."

Wengi walijaribu. Walijaribu kwa dhati, mishipa ya shingo ikawasimama, mama mwenye cheti cha kiwanja akaupiga mkono wake kwa kiatu. Haukushuka hata mmoja, na huko nyuma makarani walikuwa wameshaanza kugusa.

Kila mkono ulioguswa ulishuka. Ulishuka taratibu ukatua pajani, na mwenyewe akashusha pumzi ndefu, kwa sababu mwili haujui siasa. Bibi mmoja wa mstari wa mwisho aliukumbatia mkono wake kifuani na kulia kwa raha, halafu akatulia, kisha akalia tena, na hiki kilikuwa kilio kingine. Karani alishafika mstari unaofuata. Alihesabu kwa sauti ya chini na hakumtazama mtu usoni.

Mwalimu Miwani alitoka nje. Alipita katikati ya viti mbiombio, mkono juu, akaligonga dari la varanda kwa vidole, akaenda zake. Vijana wachache wa mabegi walimfuata. Mlango ulibaki wazi, na Fundi alikuwa ameketi hatua chache kutoka mlango huo.

Alikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri, na alifikiri. Akitoka, kura yake haitahesabiwa ndiyo, wala haitahesabiwa hapana. Mkono utabaki juu maisha yake yote, na Afisa atafika na wakubwa wake wenye sababu mbili. Akibaki, kesho atakuwa na mikono miwili, Ustawi itabaki na sababu moja, na kwa ile moja kijana alisema anaweza kumtetea. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Alijiambia hivyo mara kadhaa, kwa namna ya mtu anayejaribu kufunga sanduku lililojaa, na alipoinua macho karani alikuwa ameshafika. Kalamu ilimgusa kwenye kidole cha shahada. Karani alitaja namba, akasogea kwa jirani yake.

Mkono ulishuka. Ulitua pajani mzito na baridi, na Fundi aliuona kama ameazimwa. Alitamani mtu amtukane. Hakuna aliyemtukana, maana kila mmoja alikuwa anatazama wake.

Kabla ya kufunga hesabu, Mwenyekiti alikumbushwa na Katibu juu ya mkono mmoja ulioko makaburini. Mwenyekiti alisema kila sauti ina thamani. Gari la ofisi lilijazwa mafuta likampeleka karani, na yule karani akaugusa mkono wa marehemu juu ya soksi. Watoto wake wanasema uliingia udongoni wenyewe, polepole, na soksi ikabaki juu.

Kura ya nchi ikawa ndiyo, kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana katika Ofisi ya Viwango. Nchi nyingine nazo zilipeleka kura zao. Huko nako, ilisemekana, wananchi walijitokeza kwa wingi na mikono juu. Muundo wa Kampuni ukawa kiwango cha kimataifa, na gazeti likaweka picha ya ukumbi, imepigwa kutoka mbele. Fundi alijiona katika picha hiyo. Alikuwa mstari wa tano, amevaa gauni lake la maua, na anaonekana kweli kama mtu anayetaka sana jambo fulani.

Mwalimu Miwani alifika dukani juma hilo, mkono uko juu. Alisimama mlangoni kama mteja mgeni.

"Walikuhesabu?" aliuliza.

"Walinihesabu."

"Sikulaumu, dada. Una mtoto."

"Mimi najilaumu, kwa hiyo wewe pumzika. Ingia nikupime. Hilo koti lako limechanika kwapani."

Alimpima kwa mikono miwili. Alimkatia koti jipya lenye mkono wa kudumu, akaliwekea bitana, kwa kuwa Mwalimu hakuwa anatarajia kuushusha tena. Hawakuzungumza mambo ya Kampuni. Mwalimu alisema tu kwamba wanafunzi wameacha kumuuliza ana swali gani. Fundi alimtazama akivuka barabara na akamwonea wivu, jambo ambalo hakuwahi kulidhania, kumwonea wivu mtu asiyeweza kujifunga kamba za viatu.

Ustawi wa Jamii walipata waraka kwamba hati zote sasa ziko chini ya kiwango cha kimataifa. Afisa aliifungua hati ya Chiriku siku hiyohiyo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa vijisanduku, wa pili vijisanduku, halafu nusu muhuri. Aliiandikia Kampuni. Kampuni ilimjibu kwamba kiwango kinahusu hati mpya. Kuhusu zile za zamani, programu na zifanye kama lilivyofanya toleo la zamani.

Gari lilifika siku shule ilipofungwa. Afisa aliingia dukani akiwa amevaa lile shati. Alimwona Fundi anakunja vitambaa kwa mikono miwili na uso wake ukachangamka kidogo.

"La mkono limekwisha, mama. Nilipowaambia wakubwa kwamba umehesabiwa walifurahi, wameliondoa kabisa."

"Na la hati?"

"La hati nimekutetea. Nimekutetea sana, mama."

Fundi aliweka vitambaa chini. Begi la Chiriku lilikuwa limefungwa tangu asubuhi; lilikuwa na sare mbili, gauni moja la kutokea, na sweta ambalo Fundi alilishona kubwa makusudi, la kukulia. Alimwomba Afisa muda wa kumsuka mtoto nywele. Tangu mkono wa Fundi ulipokwama juu Chiriku alikuwa anasukwa na jirani, na jirani alikuwa na moyo mzuri na vidole vizito. Afisa alisema hakuna tatizo. Alienda kumwambia dereva azime gari, akarudi kuketi kwenye kiti cha wateja.

Chiriku alikaa sakafuni katikati ya magoti ya shangazi yake. Kwa muda mrefu aliongea peke yake. Alimweleza Afisa kwamba yeye ni wa nne darasani lakini angekuwa wa tatu kama si hesabu za mafungu, kwamba paka wa jirani amezaa kwenye sufuria, na kwamba asipewe maharage jioni. Afisa alisema hilo la maharage ataliandika.

"Hati yangu ikifunguka, nitarudi?" Chiriku aliuliza.

"Ikifunguka, siku hiyohiyo."

"Funguo mnazo nyinyi?"

"Hatuna."

"Anazo nani?"

"Wanazo Kampuni."

"Wanajua kwamba mimi nimo humo ndani?"

Chiriku alimngoja Afisa ajibu, na alipoona hajibu akainamisha kichwa, akanyamaza. Dereva alipiga honi kidogo, mara moja, na Afisa akaenda dirishani kumpungia asubiri.

"Taratibu tu, mama," alisema. "Hatuna haraka."

Fundi hakuwa na haraka. Alizigawa nywele kwa kitana, akapaka mafuta kila njia, akasuka mistari midogomidogo, ya kubana, ya kudumu, kwa kuwa hakujua itafumuliwa na nani.